Kamera Pacha za Mzee Usipepese

Studio, 3 Februari

Chongo wangu,

Barua yako imefika kwa mkono wa dereva wa lori la saruji, imekunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa. Salamu nimezipokea. Hayo mengine sijayapokea.

Unasema unataka kuuza kamera niliyokupa, uongezee pesa juu, uchukue toleo la mwaka huu. Nasema hapana. Na nasema kwa barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza, barua haina mdomo, inasikiliza mpaka mwisho.

Nikukumbushe, maana vijana kumbukumbu zenu ziko kwenye memori kadi. Kamera zile nilinunua mbili, siku moja, duka moja, aina moja, siku uliyomaliza mafunzo. Moja yangu, moja yako. Mwenye duka alidhani nimerukwa na akili. Nikamwambia bwana, pacha wakivaa sare hawagombani. Tangu siku ile sijanunua nyingine, na katika mtaa huu hakuna uso ulionipita. Waliooa nimewapiga, waliozaa nimewapiga, na waliokufa wametundikwa ukutani kwa kazi ya mkono wangu. Hata mbwa wa hapa wakiniona hukaza macho. Si bure naitwa Mzee Usipepese.

Sasa nikufundishe jambo ambalo shuleni hawakukufundisha. Kamera ni mali ya ajabu. Ikiwa dukani inauzwa kama dhahabu. Ifungue boksi leo, irudishe kesho, mwenye duka ataitazama kama umemletea kiatu cha marehemu. Kitu kinachoshuka namna hiyo mtu mwenye akili hukimbizana nacho? Jiwe likiteremka mlimani si unakaa kando lipite?

Mtazame huyu mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, ambaye mtaa mzima tunamwita Toleo Jipya. Kila mwaka kamera mpya, na kila mwaka suruali ileile.

Nisikufiche, hata mimi nina moyo. Mwezi uliopita niliingia dukani, nikasingizia naulizia betri. Wakanishikisha hiyo mpya. Nyepesi kama mkate. Nikaivaa shingoni nikasikia ujana, nikakaa nayo mpaka muuzaji akaanza kukohoa. Lakini vitufe haina. Mgongo wote ni kioo cha kugusa, laini kama tumbo la samaki, kidole hakina pa kushika. Nikaivua. Nikatoka na betri ambayo sikuihitaji.

Usiuze. Ukipenda, chongo utaita kengeza. Ipende hivyo ilivyo.

Usishangae kalamu hii nene, ni ya kuandikia maboksi. Mtu mkubwa huandika herufi kubwa.

Baba yako,
Mzee Usipepese

*

19 Februari

Shikamoo Baba,

Nimeisoma barua yako, na mkweo ameisoma pia, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Herufi zako zimekuwa kubwa kiasi kwamba barua ya kurasa mbili sasa imekula daftari zima. Mwakani utaniandikia kwenye shuka.

Baba, niruhusu niseme. Wewe una mtaa unaokujua. Huku mimi sijulikani. Mteja akinipigia, kabla hajauliza bei, kabla hajaona hata picha moja, anauliza natumia kamera gani. Nikimtajia, kimya kinaingia kwenye simu. Juzi nilipiga mkutano wa watu wa bima, mwenye shughuli akaitazama kamera yangu shingoni akaniuliza kama nimeiokota kwenye makumbusho. Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, ndiyo uchungu wenyewe.

Kuna fundi anayetaka kuinunua. Kila mwezi ninaosubiri, anapunguza alichosema mwezi uliopita. Wewe unasema ni jiwe linaloteremka. Basi mimi ndiye niliyelibeba, naomba niliweke chini kabla halijafika bondeni.

Ungenipa sababu ya kweli ningekusikiliza. Dharau juu ya Toleo Jipya si sababu.

Halafu nimeambiwa jambo. Dereva wa lori anasema barua zangu siku hizi anazisoma Mama Cherehani, yule mshonaji wa mlango wa pili, anakusomea kwa sauti na wewe umekaa kama mfalme. Baba, kuna nini kati yenu? Mama alipofariki ulisema katika nyumba ile hatapika mwanamke mwingine. Mimi sikatazi. Nauliza tu, nijue kama nitafute nguo ya harusi.

Mwanao,
Chongo

*

Studio, 8 Machi

Chongo,

Mama Cherehani ni mjane, na ana redio mbovu, anapenda kusikia habari. Namfanyia hisani. Dereva wa lori mwambie aendeshe lori.

Sababu unaitaka? Sababu ni kwamba mimi nimesema. Zamani ilitosha.

Haya, nitakuongezea. Kamera yangu naijua kama ulimi unavyojua meno. Kitufe cha juu, gurudumu la kushoto, nikilizungusha linagonga, nahesabu linavyogonga nikijua mwanga umefika wapi. Ikishika sura inalia *pii*, na ikilia nimemaliza. Toleo Jipya anainama kwenye kioo chake dakika nzima kama anayetafuta kupe, mimi siitazami hata. Napiga huku nimeangalia mlangoni. Wateja wanashangaa. Wananiambia mzee, wewe ni mchawi. Sikatai.

Na nimegundua mtindo mpya. Zamani mteja akikaa nilikuwa namwambia afunge mdomo. Sasa namwambia ataje jina lake na jina la mama yake, polepole. Uso unalegea, na mimi napata shabaha. Hakuna chuo kinachofundisha hilo.

Ni kweli mwalimu mkuu wa shule ya jirani alirudisha picha zake, akidai nimemkata sikio. Nikamwambia kwa mtu asiyesikiliza, moja linatosha. Ameondoka na wanafunzi wake wote, wamevuka barabara kwa Toleo Jipya. Waende. Wataniomba.

Kukata picha za paspoti nimempa Mama Cherehani. Mkasi wake ni mzuri kuliko wangu.

Sasa sikiliza. Kama ni lazima hiyo kamera ikutoke mkononi, basi usiiuze, nitumie mimi. Sisemi kwa nini. Mtu akiwa na mguu wa kushoto haulizwi kwa nini anataka na wa kulia. Yangu imezeeka, kifuniko cha betri nimekifunga kwa mpira. Sipendi ikae peke yake.

Wewe unaniona mshamba. Umesahau nyumba uliyotoka. Nilipotaka kumwambia bibi yako kwamba wewe uko njiani kuja duniani, sikuandika neno hata moja. Nilimsimamisha marehemu mama yako ubavu kwa dirisha, nikampiga, nikaitia picha kwenye bahasha. Bibi yako alipoifungua, alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia banda. Hiyo ndiyo picha. Ilipigwa na kamera ambayo leo usingempa hata mlevi.

Usiuze.

Mzee Usipepese

*

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Nimeuza.

Niliiandika sentensi hiyo kwanza ili nisirudi nyuma. Barua yako ilikaa mezani siku nyingi, naipita, inanitazama kwa herufi zake kama bango la barabarani. Nilifikiri kuhusu mguu wa kushoto na wa kulia. Lakini Baba, ungeifanyia nini kamera ya pili? Ungeiweka kabatini ili usikie ndugu wawili wamelala pamoja. Na mimi ningebaki bila kazi msimu huu wote wa harusi. Nilikuuliza sababu ya kweli, hukunipa.

Fundi alinipa kidogo kuliko alivyoahidi. Nikaongezea, nikachukua mpya. Nimeshaitumia kazi tatu. Mgongo hauumi jioni.

Usinikasirikie muda mrefu. Nakutumia picha yangu ya kwanza kutoka kwenye kamera hii. Mkweo ndiye aliyebonyeza, lakini mwanga nimeupanga mwenyewe, nimesimama ubavu kwa dirisha. Kwa ukali wake unaweza kuhesabu nyuzi za kola. Kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, sisemi neno. Picha itasema.

Nangoja jibu lako kuliko nilivyowahi kungoja barua yoyote.

Mwanao,
Chongo

*

Studio, 17 Aprili

Chongo,

Umeuza. Haya. Mkono wako, kamera yako. Sina la kuongeza, na nisipokuwa na la kuongeza unajua ni kwa sababu ninayo mengi.

Picha nimeipata. Mama Cherehani alipomaliza kusoma barua alitaka kuichungulia, nikaiwekea kiganja juu. Nikamwambia mpiga picha hasimuliwi picha. Nikasubiri akatoka, nikaitazama peke yangu, nikaitazama sana.

Ni kali, sikatai. Nyuzi za kola nimeziona zote. Mwanga wa dirisha umeuweka nilivyokufundisha, kwa hiyo sifa nusu ni yangu. Uso wako umetulia. Lakini umekonda mwanangu. Umekonda mno, huyo mkwe wangu anakulisha nini? Kamera mpya haipikwi. Kula.

Nimeitundika ukutani karibu na ya mama yako.

Huku kazi zipo, kwa kiasi.

Mzee Usipepese

*

25 Aprili

Baba,

Kwenye picha ile nina mimba ya miezi saba.

Nimeshika tumbo kwa mikono yote miwili. Gauni ni lile la bluu, limenibana, halikunificha chochote. Hata mtoto wa jirani alipoiona aliuliza nimemeza nini. Na wewe uliyemjua mama kwa namna alivyoegemea mlango, umeitazama sana ukaona nimekonda.

Siku mbili nilikasirika. Nilidhani unaniadhibu kwa ajili ya kamera, kwamba umeamua kutomwona mjukuu wako ili nijue uchungu wa kutosikilizwa. Mkweo ndiye aliyetoa barua zako zote sandukuni akazipanga kitandani kwa tarehe.  Herufi zinakua, Baba. Zinakua na mistari inapandana. Kuna kalamu nene, na kuna Mama Cherehani anayesoma, na mkasi wake mzuri, na wateja wanaotajishwa majina ya mama zao. Na sikio la mwalimu.

Nami sikukuambia yote. Kamera yako ilikuwa nzito, na mgongo wangu ulikuwa umeshindwa kubeba viwili. Nilitaka ujue kwa picha, kama bibi alivyojua. Kwa hiyo nikakupa sababu ya wateja na kicheko chao, nikaficha ya kweli. Naona hilo nimelitoa kwako.

Daktari amenikataza safari mpaka nijifungue. Ningekuwa nimeshafika.

Naomba unijibu neno moja tu. Unaona?

Chongo

*

Studio, 6 Mei

Chongo wangu,

Barua hii anaiandika Mama Cherehani. Maneno ni yangu, makosa ni yake. Amecheka, lakini ameandika.

Hapana.

Naona dirisha. Najua mchana umefika na najua umeondoka. Katikati kuna tundu dogo kama la ufunguo, ninapolielekeza kwenye kitu napata kipande, sikio au kitufe cha shati, kisha linatoroka. Jicho la kushoto lilitangulia, nikasema si neno, hata mwanangu tangu utoto akishika kamera hufumba moja, ndiyo maana nikamwita Chongo. La kulia likafuata. Hospitali walisema ni presha ya macho, kwamba kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kitunzwe kwa dawa. Dawa nilitia. Nilichelewa kwenda, kwa sababu nilikuwa najua kuliko wao.

Mama Cherehani anasema niseme ukweli kwamba alinisihi mwaka mzima. Haya, alinisihi.

Sasa umeelewa habari ya kamera. Wewe ulidhani naisifu. Nilikuwa naomba. Ile ndiyo kamera pekee duniani ambayo vidole vyangu vinaiona. Nyingine zote kwangu ni kipande cha kioo. Nikawaza, yangu ikifa, pacha wake yuko kwa Chongo, nina miaka mingine ya kufungua mlango asubuhi na kuambiwa habari za kazi. Sikutaka kukuambia. Ningekuambia, ungeniletea huruma badala ya kamera.

Imekufa. Wiki iliyopita kamba ya shingoni ilikatika, ikaanguka kwenye sakafu, nikasikia kioo cha ndani kikimwagika kama mchele. Mteja alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, ameshataja jina lake, anataja la mama yake. Akanyamaza. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikainama nikaokota, nikaielekeza kwake, nikabonyeza. Haikulia. Nikamwambia haya, imetoka vizuri, rudi kesho. Aliondoka kwa adabu, hakuniuliza kitu. Adabu ile ndiyo iliyonivunja.

Toleo Jipya alivuka barabara. Nilidhani amekuja kucheka. Akanivalisha kamera yake shingoni, ile ya mwaka huu, akasema mzee, chukua, itumie hata mwezi. Nikapapasa. Mbele kioo, nyuma kioo. Kidole kikateleza, ikafungua kitu, ikaanza kuzungumza kwa sauti ya mwanamke. Nikaivua. Nikamwambia nashukuru, lakini sijawahi kupenda vitu vipya. Akasema, "Najua, mzee. Mtaa wote unajua."

Unaona Chongo, hata kulia hawakuniachia nilie kwa siri.

Mjukuu nimemsikia. Mama Cherehani alipofika kwenye mstari ule, alisimama, akaenda ukutani, akaishusha picha yako, akanieleza yote, gauni, mikono, tumbo. Hakuna nilichoongeza. Mimi, mpiga picha, nikasimuliwa.

Kula vizuri.

Mzee Usipepese

*Mimi Mama Cherehani naongeza hili bila yeye kujua: hajafungua studio tangu siku ile. Anakaa ndani na mlango umefungwa, anazungusha gurudumu la ile kamera mbovu. Nalisikia kupitia ukutani linavyogonga.*

*

20 Mei

Baba,

Mama Cherehani akusomee polepole.

Nilikwenda kwa yule fundi. Nilikwenda kwa miguu, kwa kuwa sikuweza kukaa nyumbani. Nikamwambia naitaka kamera yangu, nitampa alichonipa na zaidi. Akanitazama kwa huruma. Hakuinunua kupigia picha. Aliinunua kuichinja. Kioo kimekwenda kwa mtu, moyo wake wa kufunga na kufungua umekwenda kwa mwingine, bodi ameiunguza akijaribu. Nikamwuliza ya aina ile nitaipata wapi. Akasema mama, hiyo thamani yake imeisha kabisa, ukikuta mtu anayo atakupa bure. Lakini hutamkuta mtu anayo.

Nimezunguka duka baada ya duka mpaka miguu ikavimba. Wanacheka. Mmoja alinionyesha mpya, akasema hii ni bora mara kumi. Nilimwambia najua. Ninayo nyumbani.

Mwishoni nilirudi kwa fundi. Ndani ya kopo la skrubu alikuwa amebakiza ganda la juu, lile lenye kitufe na gurudumu. Halikuwa na mnunuzi. Nimelifunga kwenye kitambaa, dereva wa lori analileta. Halifanyi kitu, Baba. Sijui kwa nini natuma. Uliniomba mguu wa pili, nakuletea kiatu.

Nisamehe. Ungesema, ningeileta kwa magoti.

Chongo

*

Studio, 30 Juni

Chongo,

Naandika mwenyewe. Mistari ikipandana, isome kama watu kwenye foleni.

Ganda limefika. Liko mfukoni. Nalizungusha nikienda sokoni, linagonga vilevile kama la kwangu. Hakuna cha kusamehe. Sikusema. Niliupa ukaidi kazi ya mdomo, na mdomo wenyewe haukufanya kazi yake.

Studio nimempa Toleo Jipya aifanye stoo. Ameniachia chumba cha mbele, kiti cha kuzunguka na pazia la nyuma. Amesema vikae. Jana alikuja kunieleza kwamba kuna toleo jingine limetoka, bora kuliko lake, analiwaza usiku na mchana. Nikamwambia asinunue. Atanunua.

Mkwe wangu alimpigia simu Mama Cherehani. Nilikuwa nimesimama hapo, nikasikia mwenyewe. Mvulana, na mama yake mzima. Mkwe akasema ameshampiga picha nyingi, anazituma kwenye simu sasa hivi, Mama Cherehani amweleze mzee zikoje. Nikakata simu. Mwambie haikuwa kwa hasira.

Picha usinitumie.

Ukipata nguvu mlete. Fika mchana, mwanga wa mlangoni ukiwa mzuri, sitauona lakini yeye anastahili. Nitafungua mlango wa studio, nitavaa koti. Mkalishe kwenye kile kiti, umshike kiunoni asianguke, halafu mwache. Jina lake hajui kulitaja bado, wala la mama yake. Lakini kulia anajua. Akilia nitajua uso uko wapi.

Babu yake,
Mzee Usipepese